Maji Hayatambui Cheo

Ndugu msomaji uvaaye sare, huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu ukizungumzia usalama wa majini, tena ukianzia Gisozi, kilima cha Kigali ambacho kutoka hapo hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Rwanda haina bahari. Haina ngome ya pwani wala manowari. Hata hivyo maji inayo, na maji hayo yameua watu, yanaendelea kuua, na wanaoitwa usiku kwenda kuyakabili ni askari na polisi. Ndiyo maana tumeona inafaa tulizungumze jambo hili kwa marefu.

Mvua inaponyesha Gisozi, katika wilaya ya Gasabo, maji huteremka mitaroni hadi bonde la mto Nyabugogo. Mto huo hutokea ziwa Muhazi, hupita bondeni, kisha huingia Nyabarongo. Nyabarongo hukutana na Akanyaru, ukawa mto Akagera. Nao Akagera hupita maporomoko ya Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania, na hatimaye humwagika katika Ziwa Viktoria karibu na Kasensero, nchini Uganda. Kutoka hapo njia iliyobaki ni ya mto Naili hadi bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mkazi wa Gisozi anayetupa taka mtaroni ana jirani yake pwani, ingawa hajapata kumwona. Wataalamu wa Kigali wanaolishughulikia bonde la Nyabugogo, ili mimea ya majimaji irudi na kuchuja maji, wanafanya kazi ambayo matokeo yake huonekana katika nyavu za wavuvi wa nchi nyingine.

Njia hiyohiyo ya maji ilipitisha jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Juu ya kilima cha Gisozi pana kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Lakini si wote waliouawa mwaka 1994 waliolala katika ardhi yao. Wengi walitupwa mitoni, wakachukuliwa na Akagera hadi ziwani. Wavuvi na wanavijiji wa pwani ya Uganda ndio walioopoa miili ile siku baada ya siku, wakaisitiri. Katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamezikwa watu zaidi ya 10,000. Wavuvi wale hawakuwa wamefundishwa kazi ile na mtu yeyote. Walikuwa na mitumbwi, nao walikuwapo pale maji yalipowafikishia msiba wa jirani zao. Tumelitaja jambo hili zito mapema kwa sababu litatusaidia mbele: katika takriban kila msiba wa majini tutakaoueleza hapa, mtu wa kwanza kufika alikuwa mvuvi.

Askari wa Rwanda anayepangiwa kazi ya majini, hata akiwa amezaliwa Gisozi na hajapata kuona maji makubwa kuliko bwawa la shule, aghalabu atajikuta Rubavu, Karongi au Rusizi, kwenye mwambao wa Ziwa Kivu. Hapana budi alifahamu ziwa hilo, maana halifanani na ziwa lingine lolote katika Afrika ya Mashariki.

Kivu liko juu sana, yapata mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,400, na kina chake hufikia mita 485. Zamani maji ya eneo hili yalielekea kaskazini. Volkeno za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, ziwa likajaa na kupata mlango mpya upande wa kusini, ndio mto Ruzizi unaokwenda Tanganyika. Sehemu ya juu ya ziwa, yapata mita 60, ina hewa ya kutosha kwa samaki. Chini ya hapo samaki hawaishi. Maji ya chini ni mazito zaidi, yana chumvi nyingi na hata joto zaidi kuliko ya juu, kwa sababu chemchemi za volkeno huyaingia kutoka ardhini. Yamelala tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika kwa mamia ya miaka.

Katika matabaka hayo ya chini imejifungia gesi. Wanasayansi wamekadiria kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikipimwa kwa hali ya juu ya ardhi. Msomaji aitazame chupa ya soda ambayo haijafunguliwa: ndani yake huoni povu hata kidogo, ingawa gesi imo. Kinachoizuia ni shinikizo. Katika ziwa, kizibo cha chupa ni uzito wa maji yenyewe. Iwapo maji ya chini yatasukumwa juu kwa nguvu ya kutosha, shinikizo hupungua, gesi hutoka kwa kishindo, na ikitoka huvuta maji mengine nyuma yake.

Hili si jambo la kubuniwa darasani. Tarehe 21 Agosti 1986, nchini Kamerun, ziwa dogo liitwalo Nyos lilitoa wingu la hewa ya ukaa usiku, likateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengi wao wakiwa vitandani. Miaka miwili kabla, ziwa la Monoun katika nchi hiyohiyo lilikuwa limeua watu 37. Kivu ni kubwa mno kuliko hayo mawili, na kando yake, pande za Rwanda na Kongo, wanaishi watu wapatao milioni mbili. Hata hivyo tusitie watu hofu isiyo na msingi. Vipimo vinaonyesha kwamba gesi ya Kivu bado haijafikia kiwango cha kutoka yenyewe. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma ikaingia ziwani hadi kina cha mita 100 hivi, na matabaka hayakuvunjika. Mlima ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye maelfu kwa maelfu ya watu waliamriwa kuhama Goma, na moja ya sababu ilikuwa wasiwasi kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imesogea chini ya mji na chini ya ziwa. Ziwa halikufanya lolote. Lakini polisi na wanajeshi wa Rubavu waliopokea umati ule mpakani, huku ardhi ikitetemeka na nyumba zikipasuka, walielewa kwa nini mwenye kulinda mwambao anapaswa kujua angalau kidogo habari za yale yaliyo chini yake.

Rwanda imechagua kuitoa gesi hiyo polepole na kuigeuza kuwa umeme. Mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa rasmi mwaka 2016 huko Karongi, hutoa megawati 26. Jahazi la chuma lililotia nanga mbali na ufuko huvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 300, huchuja methani, kisha huyarudisha maji ziwani. Kurudisha huko ndiko kwenye hesabu ngumu. Yakirudishwa juu mno, maji hayo yenye chumvi na mbolea yatayaharibu maji ya samaki. Yakirudishwa pasipofaa, yatadhoofisha matabaka yaliyotulinda miaka yote hiyo. Wapo wataalamu wa serikali ambao kazi yao ni kushusha vipimo ziwani na kulinganisha namba za leo na za jana. Sisi tunaiona kazi hiyo kuwa ni zamu ya ulinzi sawa na zamu ya mlinzi wa lango, ila huyu hushika kipimajoto badala ya bunduki.

Kuna sehemu moja ya elimu hii ambayo askari wa nchi kavu anaihitaji zaidi kuliko wa majini. Katika mashimo na mabonde madogo ya kando ya ziwa, hasa pande za Goma na Sake, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, nayo hujikusanya zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Wenyeji wana neno lao la Kiswahili kwa hewa hiyo, huiita mazuku, na huyatambua mashimo yake kwa mizoga ya mbuzi na ndege. Doria inayotafuta mahali pa kulala pasipo na upepo itavutwa na mashimo hayohayo. Na mwenzako akianguka ndani ya shimo, moyo utakusukuma uruke ukamwinue. Ukiinama tu, utavuta hewa ileile iliyomwangusha. Kamba itupwe, watu wavute wakiwa juu. Na kabla ya kujenga kambi, aulizwe mchungaji wa mahali pale.

Baada ya kuyasema hayo yote juu ya gesi na volkeno, hatuna budi kukiri kwamba watu wanaokufa Kivu kila mwaka hawauawi na gesi. Wanauawa na boti zilizojaa kupita kiasi.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo wananchi na mizigo yao walilundikana majini. Ilizama karibu kabisa na gati la Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ilikuwa na watu 278 na kwamba wasiopungua 78 walikufa, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 80 hivi. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, baada ya boti nyingine kuzama katika ziwa hilohilo, Rais Felix Tshisekedi alikuwa ameagiza kila abiria avae jaketi la kujiokolea. Amri ilikuwapo. Jaketi hayakuwapo.

Ni vema mlinzi wa gati aelewe kwa nini boti iliyojaa hupinduka, tena mara nyingi karibu na nchi kavu. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake uko chini na katikati. Abiria wanaposimama juu ya sitaha, uzito hupanda. Gati linapokaribia, wote huinuka kwa pamoja, hushika mizigo na kusogea upande wa kushukia. Chombo ambacho kilivumilia saa nzima ya safari hukosa nguvu ya kujirudisha kwa dakika moja. Ndivyo kilivyopinduka kivuko cha MV Nyerere katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa mita chache tu kabla ya kutia nanga kisiwani Ukara. Kilijengwa kwa ajili ya watu 101. Walikufa 228, wakaokoka 41.

Katika ajali hiyo kuna jambo ambalo kila anayefundishwa uokoaji angepaswa kulikariri. Kazi ya kuokoa ilisimamishwa giza lilipoingia, ikaendelea asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi walimkuta fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Chombo kilicholala kifudifudi chaweza kuwa na watu wanaopumua ndani yake. Na hewa hiyohiyo ndiyo inayokielesha. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa mwili wa meli ili wawatoe. Hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga. Walikufa watu zaidi ya 800. Hatuandiki haya kuwalaumu waliokuwapo. Walitenda kile ambacho mtu yeyote asiyefundishwa angetenda, nasi twasema kwamba waliopaswa kufundishwa hawakufundishwa.

Polisi ya Taifa ya Rwanda ina kikosi chake cha majini, nacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwahimiza wananchi wavae jaketi, wasijaze boti na wasisafiri katika vyombo visivyo na kibali. Kuhimiza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya askari mwenyewe. Viatu vya jeshi vikijaa maji huwa jiwe, na mkanda wenye risasi hauelei. Askari asiyejua kuvua viatu na zana akiwa ndani ya maji ni mzigo kwa wenzake, awe koplo au awe kanali. Ajue pia kwamba mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwani mdomo uko chini ya maji na pumzi haipo. Mikono hukandamiza maji pembeni, kichwa hurudi nyuma, na katika muda usiozidi dakika moja amekwisha. Anayepiga kelele bado ana nguvu. Aliyenyamaza ndiye wa kufuatwa kwanza.

Na kumfuata kuna utaratibu wake, ambao mafunzo ya nchi nyingi yanakubaliana nao. Kwanza mnyooshee kitu ukiwa umeshika nchi kavu, fimbo au kasia. Ikishindikana, mtupie kinachoelea, hata dumu tupu la mafuta ya kupikia. Ikishindikana tena, mwendee kwa chombo. Kuogelea hadi alipo ni jambo la mwisho kabisa, kwa kuwa anayezama humpanda mwokoaji kama ngazi. Vijana mashujaa hawapendi kuambiwa hivi. Wengi wangependa kuruka. Makaburi ya pwani zote yana vijana walioruka.

Turudi sasa kwa mvuvi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliokufa ni 19, waliookoka ni 24. Wavuvi waliokuwa karibu ndio walioifikia mapema kwa mitumbwi. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kusaidia mlango ufunguke, na Serikali ya Tanzania ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunaona uamuzi ule ulikuwa wa busara, ingawa tungependa zaidi kama wavuvi wangefundishwa kabla ya ndege kuanguka.

Kwa upande wa Kivu, jambo hilo lina ugumu wake ambao haufai kufichwa. Usiku, mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu hutoka na taa kwenda kuvua isambaza, wale dagaa walioletwa kutoka Tanganyika katika miaka ya 1950, na nyimbo za wapiga kasia husikika hadi ufukoni. Ziwa hufungwa kwa miezi hivi miwili kila mwaka ili samaki wazaane, na nyavu zenye matundu madogo, ziitwazo kaningini, zimepigwa marufuku. Anayezikamata na kuziteketeza ni polisi au askari. Basi mvuvi aliyechomewa wavu asubuhi ndiye utakayemhitaji usiku, boti ikizama, maana yeye ndiye anayejua mkondo unapeleka wapi. Sheria haitalegezwa kwa sababu hiyo. Lakini afisa aliyefika kijijini mara kadhaa kabla ya msimu kufungwa, akakaa na ushirika wa wavuvi akaeleza kwa nini dagaa wachanga waachwe, akasikiliza pia malalamiko yao, hukuta milango wazi siku ya msiba. Yule aliyefika kwa kiberiti tu, atajibiwa kwamba taa hazina mafuta.

Hali kadhalika habari za hali ya hewa. Katika Ziwa Viktoria, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba kali huzuka kabla ya mapambazuko, saa zilezile wavuvi wanapokuwa majini. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba ziwa hilo huua kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka. Utabiri wa dhoruba hizo sasa unawezekana, na nchi za ziwa hilo zilishirikiana kuutengeneza kwa ajili ya wavuvi katika mpango ulioendeshwa kati ya 2017 na 2021. Shida ni hatua ya mwisho: kutoka kwa mtaalamu mwenye ramani ya satelaiti hadi kwa mtu aliye mwaloni saa kumi na moja jioni, anayejiandaa kusukuma mtumbwi. Mara nyingi mwenye redio na simu iliyochajiwa pale mwaloni ni kituo cha polisi.

Jambo la mwisho ni dogo, na pengine ndilo linalowezekana hata kesho. MV Bukoba ilipozama, orodha ilikuwapo ya abiria wa daraja la kwanza na la pili; wa daraja la tatu hawakuandikwa. Kwa Merdi, wakuu mbalimbali walitaja idadi zisizolingana za waliopanda na waliokufa, na jamaa walibaki gatini Kituku wakisubiri majina. Daftari na kalamu haviigharimu serikali kitu. Polisi anayesimama ngazini asubuhi, akaandika kila anayepanda, akamzuia wa 81 pale penye nafasi za watu 80, atatukanwa na wenye boti na kulaumiwa na abiria waliochelewa sokoni. Jioni, boti isipofika, wapiga mbizi watamwendea yeye kwanza, kuuliza wanatafuta watu wangapi.